Tanga hadi Lamu, Mlango kwa Mlango

Dereva asiye na ndugu pwani anaweza kuondoka Tanga alfajiri, akavuka mpaka, akala chakula cha mchana Mombasa na kulala Malindi. Kesho yake, adhuhuri ikipita kidogo, atakuwa ameegesha gari Mokowe akiitazama njia ya maji ya kwenda Lamu. Ni kilomita 500 na ushei, na karibu zote ni za lami.

Mwenye ndugu haiwezi safari hiyo. Yeye ana mama mdogo Lungalunga, rafiki wa shule Ukunda, mjomba Majengo, shemeji Mtwapa, na huko Malindi yuko somo wa mama yake ambaye akisikia gari limepita bila kusimama, habari itafika Tanga kabla ya gari lenyewe kurudi. Kwake yeye safari huhesabiwa kwa nyumba. Nyumba tano ni wiki nzima. Nyumba kumi, aombe likizo ya mwezi.

Ndugu hao walitapakaaje hivyo? Sehemu kubwa ya jibu ni upepo na biashara. Kwa karne nyingi vyombo vilipanda kaskazini kwa kusi na kuteremka kwa kaskazi, na baharia aliyengoja upepo ugeuke alikaa bandarini miezi kadhaa, muda wa kutosha kuposa, kuoa na kuacha mtoto atakayehitaji kutembelewa. Siasa nayo ilitawanya watu. Mwaka 1837 Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, alipoitia Mombasa mkononi, Mazrui waliokuwa wameitawala kwa karibu miaka mia moja waligawanyika: tawi moja likaenda kusini, Gazi, na jingine kaskazini, Takaungu, karibu na Kilifi. Tangu hapo ukoo mmoja una jamaa pande zote mbili za kisiwa cha Mombasa, na anayetaka kuwaamkia wote hana budi kuupita mji ambao babu zao waliupoteza.

Karibu miaka hamsini baadaye ukaja mpaka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ulichora mstari kutoka mlango wa mto Umba kuelekea Ziwa Jipe. Wadigo na Wasegeju, waliokuwa wakilima na kuvua pande zote mbili, wakajikuta chini ya tawala mbili. Hawakuacha kuoana. Hata Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895, mambo yalipomwelemea mwaka uliofuata alivuka mstari huo huo na kujisalimisha kwa Wajerumani upande wa pili. Na leo msiba ukitokea Vanga, Kenya, watu wa vijiji vya Mkinga, Tanzania, huanza kufunga mizigo kabla ya mtu kuuliza nani ana pasi.

Kwa msafiri wa gari, njia ni Horohoro. Kilomita 65 kutoka Tanga hadi hapo zilikuwa za vumbi mpaka zilipotiwa lami kwa fedha za Marekani, kupitia mpango wa Changamoto za Milenia ulioanza 2008 na kumalizika 2013. Wanaoikumbuka barabara ya zamani husimulia jinsi mgeni alivyofika kwa nduguze na nguo nyeupe iliyogeuka rangi ya udongo, maji ya kuoga yakawa ndiyo ukarimu wa kwanza anaopewa. Siku hizi anafika na shati lake lililopigwa pasi, na kituo cha mpakani ni cha pamoja: maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja, abiria anagongewa mihuri yote upande anaoingilia, kisha anaendelea.

Karatasi, hata hivyo, hazina undugu. Kila abiria awe na pasi ya kusafiria au hati ya muda, na watoto wasisahauliwe, maana ndio wanaokwamisha familia nyingi. Dereva abebe kadi ya gari, na kama gari si lake, barua ya mwenyewe. Forodha hutoa kibali cha muda cha kuingiza gari, na bima ya kawaida ya nyumbani haitoshi. Inatakiwa ile ya COMESA inayojulikana kama Kadi ya Njano. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kikae mkobani, kiulizwe kisiulizwe. Zawadi nazo ziwe za kiasi cha zawadi. Gunia moja la machungwa ya Muheza linaeleweka. Magunia manane yanaanza kuonekana kama biashara, na hapo hadithi ya mama mdogo haisaidii.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya ya kusini ni nchi ya minazi, miwa na vijiji vya Wadigo, na barabara kuu inapita mbali kidogo na bahari. Anayekwenda Shimoni au kisiwa cha Wasini anakata kulia. Anayekwenda Gazi vilevile, na huko mgeni hupelekwa kuona daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, linaloendeshwa na kikundi cha akina mama wa kijiji. Ukunda ni mji wa makutano: wafanyakazi wa hoteli za Diani wanaishi hapo, wengi wao wakiwa wametoka mbali, na kwa hiyo rafiki wa shule aliyehama Tanga, Voi au Kisumu ana nafasi kubwa ya kupatikana Ukunda kuliko kijijini kwao.

Halafu Likoni, pa kuvukia kuingia kisiwani Mombasa. Feri ya Likoni imekula saa nyingi za watu wa pwani, na sehemu ya kumbukumbu za ndugu ni kumbukumbu za kungoja: jua, foleni, karanga za kukaanga, simu ya mwenyeji anayeuliza "mmefika wapi?" na jibu lisilobadilika, "tuko feri." Anayevuka kwa miguu halipi kitu. Kivuko hiki pia kina upande wake wa huzuni ambao wazee hawautaji kwa sauti: tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyokuwa ikitoka Mtongwe, jirani na Likoni, ilipinduka na watu zaidi ya 270 wakafa. Wapo mpaka leo kusini ya Mombasa ambao hawashuki garini wakati wa kuvuka, na wapo ambao hawakubali kabisa kubaki ndani.

Barabara mpya ya Dongo Kundu imebadilisha hesabu hiyo. Inatoka upande wa kusini, inapita juu ya maji kwa madaraja marefu ya Mteza na Mwache, na kumtoa dereva upande wa bara, karibu na Miritini na njia ya Nairobi, bila kugusa kivuko. Kwa lori la mizigo ni baraka tupu. Kwa mgeni mwenye mjomba Majengo ni faida yenye mtego, kwa kuwa sasa inawezekana kutoka Kwale na kuipita Mombasa bila kuingia kisiwani, na kila mjomba anajua kuwa inawezekana.

Mombasa ndipo safari ya kuzuru inapokuwa kazi ya kweli. Nyumba ni nyingi, ziko karibukaribu, na kuingia moja ni kutangaza kwa mtaa mzima kwamba umefika. Mpangilio wa kuingia una sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika. Kwanza ni nyumba zilizofiwa tangu safari iliyopita. Mgeni aliyekuwa mbali wakati wa msiba huenda kuhani hata kama umepita mwaka. Hukaa, husoma Fatiha, hutaja jina la marehemu, ndipo mazungumzo mengine yaanze. Akianza kwa mwenye harusi akamwacha mfiwa, kosa hilo litamfuata. Baada ya hapo ni wakubwa kwa umri, wagonjwa, halafu waliozaa. Vijana wa rika lake wanaweza kungoja, na mara nyingi hawamngoji, wanamfuata barazani.

Simu imeleta utata ambao zamani haukuwapo. Zamani mgeni alipiga hodi tu, mwenyeji akamkaribisha kwa alichonacho. Sasa kutokupiga simu ni utovu wa adabu, lakini kupiga mapema mno ni kumtwisha mtu gharama. Akiambiwa siku tatu kabla, mwenyeji atanunua mbuzi na hata kukopa. Akiambiwa wakati gari liko mlangoni, ataaibika. Wenye uzoefu hupiga asubuhi ya siku yenyewe: muda unatosha kwenda sokoni kununua samaki, lakini hautoshi kuingia deni.

Na chakula hakikwepeki. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, pengine na mkate wa sinia. Mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka, au biriani ikiwa ni Ijumaa. Alasiri chai inakuja na viazi karai, bhajia na katlesi, na jioni mishkaki inanukia barabarani kabla hata magharibi haijaadhiniwa. Mtu mwenye nyumba nne za kuingia siku moja ana mitihani minne. Siri yake ni kuchota kidogo, kula polepole, na kusifu kwa maneno mengi. Anayesema "nimeshiba, nimetoka kula kwa shangazi" amefanya makosa mawili kwa sentensi moja: amekataa chakula, na amekiri kwamba shangazi alitangulia.

Wanaume baada ya kula huishia barazani, ambako muuza kahawa hupita na dele lake la shaba akigonganisha vikombe. Kahawa ni chungu, kashata ndiyo inayoituliza. Ndani, wanawake wana mazungumzo yao, na ukitaka habari za kweli za ukoo, nani kaposwa, nani kaachika, nani shamba lake limeuzwa bila ruhusa, ziko huko ndani. Watoto wanaoletwa safari kama hizi hulalamika kwa kuamkia mikono isiyoisha, ila ndio wanaorudi na faida kubwa kuliko wote: wamewajua binamu ambao siku moja watakaa nao kikao cha mirathi au cha mahari.

Swali la kulala ni gumu zaidi kuliko wengi wanavyokiri. Mombasa ya leo ni mji wa vyumba vya kupanga. Mjomba anaweza kuwa na vyumba viwili na watoto watano, na gari la watu saba linapoegeshwa nje usiku, mikeka inatandikwa jikoni. Methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu hutajwa kwa kicheko, na kicheko hicho wakati mwingine kina ukweli ndani yake. Familia nyingi sasa hukodi chumba cha wageni na kula kwa ndugu. Wazee wanachukia, wanaona ni kama kuambiwa nyumba yao haitoshi. Lakini ukiwasikiliza wake wa nyumbani wakiwa peke yao, chumba cha kukodi kimewaokoa wengi wasiosema. Suluhu iliyozoeleka ni usiku mmoja kwa mkubwa wa ukoo, kwa heshima, na siku zinazobaki kwingine, pamoja na kilo kadhaa za sukari, unga na mchele zinazoingizwa kimyakimya kupitia mlango wa nyuma.

Safari ya kaskazini ni hadithi ya maji yaliyokuja kuvukwa kwa madaraja. Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, na la sasa likafunguliwa 1980. Mtwapa, enzi za ukoloni, palikuwa na pantoni lililovutwa kwa mikono na wanaume waliokuwa wakiimba. Kilifi ilikuwa na feri kati ya Mnarani na mjini hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo mtu wa Malindi aliyechelewa kufika Mombasa harusini alikuwa na neno moja tu, feri, na hakuna aliyemhoji. Kivuko kilikuwa ndugu wa kusingiziwa. Aliyefika Kilifi jioni na kukuta foleni ndefu alilala kwa jamaa wa hapo, akataka asitake, na undugu ukakolea kwa sababu ya maji. Daraja lilipokuja, safari ilifupika na udhuru ukaisha. Wenyeji wa Kilifi walianza kuona magari ya jamaa zao yakipita juu ya mkono wa bahari bila hata kupunguza mwendo, na lawama za aina mpya zikazaliwa.

Foleni, hata hivyo, haijatoweka pwani. Imehamia Mtwapa, ambako upanuzi wa barabara kuelekea Kwa Kadzengo na Kilifi umewafanya madereva waijue kila duka la pembeni. Shemeji wa Mtwapa hana haja ya kulaumu mtu. Wote watasimama mlangoni kwake, wapende wasipende.

Nyumba za kaunti ya Kilifi si za Waislamu tu, na ziara hapo hubadilika sura. Kwa Wagiriama wengi kinachorudisha watu nyumbani ni matanga na Krismasi. Mabasi ya Desemba hujaa, na mazishi hukusanya ukoo kwa siku kadhaa za ngoma, ng'ombe na hesabu za michango. Mgeni hukaribishwa chini ya mwembe, na kama si mtu wa dini inayokataza, huenda akakabidhiwa mnazi kwenye kibuyu na mrija. Anayetoka Tanga na kuelewa Kidigo atashangaa ni maneno mangapi ya Kigiriama anayashika bila kufundishwa, na wenyeji watamcheka kwa mapenzi kwa yale anayokosea.

Malindi imezoea wageni. Vasco da Gama alipokewa vizuri hapo mwaka 1498, akapewa rubani wa kumfikisha Bara Hindi, ukarimu ambao pwani nzima ilikuja kuulipia. Kusini kidogo, karibu na Watamu, yako magofu ya Gede, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Ni mahali pazuri pa kuwapeleka watoto waliochoka kukaa vyumbani mwa watu wazima. Somo wa mama atauliza swali moja tu kabla ya salamu kuisha: mtakaa siku ngapi? Jibu la kwanza halikubaliwi. Linatolewa ili lipandishwe.

Baada ya daraja la mto Sabaki nyumba zinapungua na anga linapanuka. Njia inaelekea Garsen, inauvuka mto Tana, kisha inageuka kwenda Witu na Mokowe. Kwa miaka mingi kipande hiki ndicho kilichowatenga watu wa Lamu na jamaa zao. Kilikuwa cha udongo, mvua ikinyesha basi lilizama, na mafuriko ya Tana yalikata njia kwa siku au wiki. Baada ya watu wenye silaha kuushambulia mji wa Mpeketoni, Lamu, Juni 2014, magari yalisafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi, na mama wengi wa Mombasa waliwaambia watoto wao wasiende kabisa. Lami imefika sasa na safari imekuwa ya saa chache, lakini busara bado inataka kupita mchana, kuuliza hali ya usalama na ya mto kabla ya kuondoka Malindi, na kujaza tangi la mafuta kabla ya Garsen. Vituo vya ukaguzi viko njiani na kila mtu huonyesha kitambulisho. Katika mvua za El Niño mwishoni mwa 2023 hata barabara ya Mombasa na Malindi ilikatika Mbogolo, sembuse huku.

Mokowe gari linabaki. Lamu mjini magari hayana pa kupita, vichochoro ni vya watu na punda, na mzigo wa Tanga unashushwa kwenye boti kwa mikono. Machungwa ya Muheza, yaliyokuwa gunia zima mpakani, huwa yamebaki nusu, maana kila mlango ulichukua sehemu yake. Nafasi yake imejazwa na mambo mengine: halwa ya Mombasa, korosho za Kilifi, achari iliyofungwa kwa plastiki mara tatu, na vyombo vya watu ambavyo haviwezi kurudishwa vitupu.

Wengi huipanga safari nzima ili iangukie Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija, huvuta wageni kutoka pwani yote na visiwa vyake. Kwa siku hizo kila nyumba ya Lamu ina mgeni, na nyumba zisizo na jamaa hupangiwa wageni wasiowajua, ambao wakati wa kuagana huwa wameshakuwa jamaa. Anayekuja wakati huo aandike nafasi ya boti na malazi mapema. Anayetaka kukaa na ndugu zake kwa utulivu aje mwezi mwingine.

Na kama mama mkubwa yuko Siyu au Faza, kisiwani Pate, safari bado. Boti za huko huondoka Lamu kwa kufuata maji. Maji yakiwa yamekupwa, mkono wa bahari unaoingia Siyu kupitia mikokoni hauna kina cha kutosha, ndiyo maana abiria wengi wa kisiwa hicho hushukia Mtangawanda, halafu hupanda pikipiki au hutembea. Nahodha aulizwe jioni ya kuamkia safari, na mama mkubwa apigiwe simu asubuhi hiyo hiyo, kwa kuwa yeye ndiye atakayemtuma mtu gatini na punda wa mizigo.